Homa, maumivu ya mgongo na vidonge vya UTI vilivyobaki

Swali: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 31, nimeolewa. Ndani ya miezi mitano nimetibiwa UTI mara tatu. Kila mara napimwa mkojo, naambiwa una usaha, napewa dawa, napata nafuu, halafu inarudi. Wengine wananiambia ni UTI sugu. Safari hii mkojo ulianza kuuma siku nne zilizopita. Tangu jana usiku nina homa, natetemeka mpaka meno yanagongana, mgongo unauma upande wa kulia chini ya mbavu, na leo asubuhi nimetapika. Nina nitrofurantoini zilizobaki. Nianze kumeza hizo? Na hii UTI isiyoisha inatokana na nini?

Jibu: Marahaba, dada. Usianze hizo nitrofurantoini. Nenda hospitali leo hii, usingoje kesho. Homa ya kutetemeka, maumivu chini ya mbavu upande mmoja na kutapika, vikitanguliwa na mkojo kuuma, tunavichukulia kuwa maambukizi ya figo mpaka vipimo vioneshe vingine.

Nitrofurantoini ni dawa nzuri ya kibofu. Ukiimeza huchujwa haraka na kuingia kwenye mkojo, na humo ndimo inapokuwa na nguvu ya kuua bakteria. Kwenye damu na kwenye nyama ya figo haifikii kiwango cha kutibu. Unaweza kuimeza, mkojo ukaacha kuuma, ukajiona umepona, kumbe figo inazidi kushambuliwa na bakteria wanaingia kwenye damu.

Mara nyingi mhusika ni bakteria aitwaye E. coli, anayeishi utumboni. Anatoka njia ya haja kubwa, anaingia kwenye mrija wa mkojo, anafika kwenye kibofu, na akiachwa anapanda hadi kwenye figo. Mrija huo kwa mwanamke una urefu wa takriban sentimita 4 tu, kwa mwanaume ni kama 20. Ndiyo maana wanawake huugua zaidi, wala si dalili ya uchafu. Nalisema hili kwa sababu wanawake wengi hufika kwangu wakiwa wameshajilaumu.

Ukifika, daktari atapima joto, presha na mapigo ya moyo, kisha atakugonga polepole kwa ngumi mgongoni, pale ubavu wa mwisho unapokutana na uti wa mgongo. Ukishtuka kwa maumivu upande wa kulia, hiyo ni dalili muhimu. Utapimwa ujauzito, maana unabadilisha uchaguzi wa dawa na mjamzito mwenye maambukizi ya figo hulazwa. Damu itapimwa kuona figo zinavyofanya kazi. Jambo ambalo naomba ulisimamie mwenyewe ni mkojo kuchukuliwa kwa ajili ya kuotesha, yaani kuwakuza bakteria maabara ili wajulikane ni nani na dawa gani inawaua, kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, kwa sababu hata dozi moja inaweza kuwazuia bakteria wasiote. Taja pia kila antibayotiki uliyotumia miezi hii. Iliyotumika karibuni ndiyo inayotiliwa shaka kwanza kwamba bakteria wameizoea.

Kwa kuwa unatapika, matibabu yataanza kwa sindano au dripu, mara nyingi seftriaksoni gramu 1 kwa siku. Ukiacha kutapika na homa ikishuka, utahamishiwa vidonge kulingana na majibu ya kuotesha. Siprofloksasini miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7 ni mfano wa dozi inayotosha kama dawa hiyo inawaua bakteria wako na huna ujauzito. Ndani ya saa 48 hadi 72 unapaswa kuwa na nafuu ya wazi. Usipoipata, inahitajika picha ya altrasaundi au ya CT kutafuta jiwe, jipu au kuziba. Figo iliyoziba huku ina maambukizi ni dharura, na dawa peke yake haitoshi mpaka mkojo ufunguliwe njia.

Sasa zile mara tatu. Katika maelezo yako sioni kuoteshwa mkojo hata mara moja, na hapo ndipo penye tatizo. Usaha ni chembe nyeupe za damu. Unaonesha kwamba mwili unapambana na kitu mahali fulani, hausemi kitu hicho ni nini. Unaweza kuwa umechanganyika na ute wa ukeni. Klamidia na kisonono huleta usaha kwenye mkojo na maumivu yaleyale ya kukojoa, lakini tiba yake ni nyingine. Jiwe huleta usaha, kifua kikuu cha figo pia.

Kijiti cha kupimia mkojo hutazama pia naitraiti, kemikali ambayo hutengenezwa na bakteria kama E. coli. Mkojo unahitaji kukaa kwenye kibofu kama saa 4 ili ionekane, na mgonjwa wa UTI anakojoa kila mara. Wapo pia bakteria wasioitengeneza kabisa. Kwa hiyo ikionekana ni ushahidi mzito, lakini kukosekana kwake hakuondoi ugonjwa.

Namna ya kukinga mkojo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Nawa mikono, tenganisha mashavu ya uke kwa vidole, acha mkojo wa mwanzo umwagike chooni, kisha ingiza kikopo katikati ya mkondo bila kukigusisha na ngozi. Ufike maabara ndani ya saa moja au mbili, la sivyo uwekwe kwenye friji. Ukikaa kwenye joto, bakteria wachache waliodondoka kutoka kwenye ngozi wanazaliana, na jibu linageuka. Wakiota bakteria wa aina tatu nne kwa pamoja, na seli za ngozi zimejaa, sampuli imechafuka. Irudiwe, isitibiwe.

Na asiye na dalili yoyote hatibiwi kwa sababu tu bakteria wameonekana, isipokuwa mjamzito au anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo. Inaniumiza kuona watu wazima wakimezeshwa dozi baada ya dozi kwa ajili ya karatasi ya maabara. Kinachopatikana ni usugu wa bakteria.

Ukishapona, kama dalili zitarudi ndani ya wiki mbili na akaota bakteria yuleyule, itabidi tutafute jiwe au chanzo kingine kilichobaki. Zikirudi baadaye, yaelekea ni maambukizi mapya, na hapo tunazungumzia kinga. Kama unakunywa maji kidogo, ongeza takriban lita moja na nusu kwa siku. Kama mnatumia dawa ya kuua mbegu za kiume, iacheni, kwani huongeza UTI. Pima sukari pia. Mumeo hana sababu ya kumeza dawa zako za UTI. Atatibiwa tu iwapo vipimo vitaonesha ugonjwa wa zinaa, na hapo mtatibiwa wote wawili kwa wakati mmoja.