Uliza Mwalimu: Vitabu Vitatu kwa Elfu Arobaini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Binti yangu yuko darasa la sita na mdogo wake la tatu. Nimetenga shilingi 40,000 ninunue vitabu vitatu vya kukaa nyumbani: cha afya, cha lugha na cha hesabu. Muuza vitabu vya mtumba karibu na stendi ananiambia vyote alivyo navyo ni vizuri, tena vinatumika shuleni. Mimi niliishia la saba. Nitajuaje kipi cha kuchukua?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Huyo muuzaji simlaumu, naye ana watoto wa kulisha. Ila kumuuliza kama kitabu chake ni kizuri ni kumpa kazi ya kukisifia. Wewe mwombe akuache ukifungue, na ufungue pale ambapo jibu unalijua tayari. La saba yako inatosha kabisa.

Nianze na hesabu, maana ndiyo niliyoifundisha hadi nikastaafu. Tafuta sura ya matendo mchanganyiko. Binti yako bila shaka anaimba MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sasa mpe 10 − 3 + 2. Mtoto aliyekariri wimbo tu ataona JU imetangulia TO, atajumlisha 3 na 2 apate 5, atoe kwenye 10, akuletee 5. Lakini wewe ukiwa na elfu kumi, ukanunua uzi na zipu za elfu tatu, kisha mteja akakulipa elfu mbili, mkononi una elfu tisa. Kitabu kinachojiheshimu kinaeleza kwamba kujumlisha na kutoa vina uzito sawa, unafuata kushoto kwenda kulia. Na kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo. Kinachokuachia wimbo bila maelezo, mrudishie mwenyewe.

Halafu nenda kurasa za mwisho uone kama majibu yapo. Vitabu vya mtumba mara nyingi vimechanwa hapo, na waliochana tunawajua. Yakiwepo, fanya maswali mawili matatu papo hapo kwa kalamu yako. Majibu yakigongana na yako na una hakika na hesabu yako, usibishane na mtu, weka chini.

Kitabu cha hesabu kikiwa cha zamani kisikutishe. Nusu na theluthi hazijabadilika tangu enzi za babu zetu. Cha kuangalia ni kama unataka kiada cha kwenda sambamba na darasani, kwa sababu mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024, tena kwa awamu, na kiada cha zamani kinaweza kumchanganya huyo mdogo. Lakini viada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao yao. Kwa nini umpe mtu wa stendi hela yako?

Kwenye afya mambo yanageuka: hapo mwaka wa kuchapishwa ndio unaoamua. Uko nyuma ya ukurasa wa jina, kwa maandishi madogo. Kisha fungua malaria. Ukikuta klorokwini ndiyo dawa ya kwanza ya kumpa mgonjwa, kifunge. Nchi yetu iliiacha mwaka 2001 ikahamia dawa nyingine, SP, na mwaka 2006 ikaingia dawa mseto, ALu. Nenda tena kwenye kuhara. Siku hizi mtoto hupewa ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Ushauri huo wa zinki Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliutoa mwaka 2004. Na kama kinafundisha kuchanganya maji ya sukari na chumvi nyumbani, vipimo viwe wazi: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza kilima. "Tia sukari na chumvi kidogo" si maelekezo. Chumvi ikizidi, unamuumiza mtoto unayetaka kumwokoa.

Kuna vile vijitabu vyembamba vinavyoahidi kuondoa kisukari, presha na nguvu za giza kwa mizizi ileile. Geuza jalada la nyuma uone: namba ya simu ya mwandishi na bei ya dozi. Umeuziwa tangazo.

Kwa lugha, nunua kamusi, achana na vitabu vya orodha za methali. Tafuta maneno ya kazi yako. "Mshono": je, imekupa wingi na ngeli? "Shona": je, umeonyeshwa shonea, shoneka, shonwa, pamoja na mfano wa sentensi? Ukibahatika kukuta Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 kwa bei ya kutupa, chukua, bado ni mali, ila tovuti hutaiona humo, wala UKIMWI. Ikiwepo ya 2004 au 2013 na mfuko unaruhusu, usifikiri mara mbili.

Hela isipotosha vitatu, kata cha afya. Zahanati ipo, na wahudumu wa mama na mtoto hujibu maswali hayo bila malipo. Kamusi haina mbadala nyumbani kwako. Nenda na binti yako, yeye apige hesabu wakati wewe unapekua "mshono". Na muuzaji akisema kitabu kimefungwa nailoni hakifunguliwi hadi ulipe, meza ya pili haiko mbali.