Usikope pesa za MRI kwanza

Mama, nimekuelewa: mtoto ana miaka 3, haongei, anashinda akipanga vifuniko vya soda, na umeambiwa ulipie MRI (kipimo cha picha ya ubongo) ndiyo usonji (autism) ujulikane. Usikope. Usonji hautambuliwi kwa picha ya ubongo. Mradi wa utafiti uitwao ABIDE ulitoa picha za ubongo za watu 1,112, wenye usonji na wasio nao, mwaka 2012. Tofauti zinazoonekana ni za wastani wa kundi, hazimpimi mtoto mmoja. Mtoto wangu alipewa dawa ya usingizi ili atulie mashineni, picha ikatoka safi, na usonji anao!

Hapa Nairobi tafuta daktari wa watoto anayejua mambo ya ukuaji. Mpelekee video za simu za mtoto akicheza. Masikio ya mtoto yapimwe pia. Akidegedeka, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo, nenda haraka. Hapo MRI huenda ikahitajika kweli.