Liger na mruko wake

SWALI: Nasikia Jushin Thunder Liger wa Japani alikataliwa kwa ufupi. Aliingiaje kwenye mieleka, na ule mruko wake wa kupinduka hewani hufanywaje? Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli. Liger, jina lake halisi Keiichi Yamada, mzaliwa wa Hiroshima, hakufikia kimo walichotaka New Japan, kampuni ya mieleka ya Japani, akaenda Meksiko kujifunza. Huko viongozi wa kampuni hiyo wakamwona na kumchukua. Akaanza kupigana 1984. Barakoa ya Liger aliivaa mara ya kwanza katika uwanja wa Tokyo Dome, Aprili 1989. Alitwaa mara 11 mkanda wa junia hevi, daraja la walio chini ya kilo 100, na hakuna aliyelipamba daraja hilo kumzidi. Alistaafu Januari 2020.

Sasa mruko. Mpinzani amelala chali. Unaruka kutoka kamba ya juu ya ulingo kwenda mbele huku mwili ukipinduka kinyumenyume, unakunja magoti, kisha unajinyoosha na kutua kwa tumbo. Paa juu kwanza! Ukitupa kichwa nyuma kabla miguu haijakusukuma, mzunguko haukamiliki, unatua kwa kichwa. Umbali nao huponza: mwaka 2003 mwanamieleka Kurt Angle alilala mbali na kona ya ulingo, mpinzani wake Brock Lesnar akaruka, akaangukia kichwa na kupata mtikisiko wa ubongo.