Kinga yangu haikulala

Bombo, Jumapili

Mwanangu Zaituni,

Nimesikiliza sauti uliyonitumia. Unauliza: "Mama, UKIMWI huna, unakula vizuri, mbona kinga yako imeshindwa na saratani ya mlango wa kizazi?" Swali hilohilo nilimuuliza daktari kule hospitali ya Mulago, Kampala, tena kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe.

Kinga haikulala, mwanangu. Ilidanganywa. Kirusi cha HPV, ndicho kinacholeta saratani hii, hujificha kwenye ngozi laini ya mlango wa kizazi. Hakizunguki kwenye damu, hakileti homa, basi askari wa mwili hawasikii kelele yoyote. Wanawake wengi hukipata, na wengi wao mwili hukifukuza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hung'ang'ania, miaka 15 au 20 ikapita kimya, mpaka seli zikageuka. Mwenye virusi vya UKIMWI hatari yake ni kama mara 6 ya yetu, lakini na sisi tumo. Na saratani ikishaota inajua kubembeleza: askari akija kuiua, inamgusa mahali fulani, naye anashusha silaha kama aliyekutana na ndugu.

Sasa hivi kinachoshusha kinga yangu zaidi ni dawa yenyewe ya saratani, ile ya dripu. Kila wiki wananitoa damu kabla ya dripu. Juzi muuguzi aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa karatasi: chembe nyeupe za damu, hao askari wako, zimeshuka, mama, leo hakuna dripu, rudi wiki ijayo. Nauli imekwenda bure! Nikakaa kwenye benchi nikamaliza kabalagala zangu za ndizi.

Kwa hiyo yale majani ya "kuongeza kinga" uliyompa mjomba wako aniletee yako juu ya kabati, na yatabaki hukohuko. Dripu hii inachosha figo, sitaki kuziongezea kazi. Niletee kipimajoto, changu kimepasuka. Kikisoma 38, hata saa nane usiku, tunakwenda hospitali. Hatungoji panadoli ishushe.

Na mjukuu wangu ametimiza miaka 10. Serikali inatoa chanjo ya HPV bure kwa wasichana nchi nzima tangu 2015, mpeleke kituo cha afya wiki hii. Chanjo humwonyesha askari sura ya mwizi kabla hajaingia. Akilia sindano, mwambie bibi yake anachomwa kila wiki.

Mama yako