Kwa nini sumu kwa Kijerumani inaitwa “Gift”?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina duka la pembejeo. Mteja kaniletea kopo tupu kutoka Ujerumani limeandikwa “Rattengift”, anataka dawa ya panya kama hiyo. Mimi “gift” naijua kwa Kiingereza, ni zawadi. Tena mgeni wa Uswidi kaniambia kwao “gift” ni mtu aliyeoa. Ni neno moja, au yamefanana tu?

Jibu: Marahaba. Ni neno moja, na mzizi wake ni kutoa: “geben” ya Kijerumani, “give” ya Kiingereza.

Wajerumani nao zamani walisema “Gift” kwa kitu kilichotolewa. Sumu iliingia kwa mlango wa utabibu. Wagiriki waliita kipimo cha dawa anachopewa mgonjwa “dosis”, yaani kutoa. Kilatini kikalichukua, na Wajerumani wakalifasiri kwa neno lao, “Gift”. Ni “dosis” hiyohiyo iliyotufikia sisi ikiwa dozi! Kutoka dawa aliyopewa mtu hadi sumu aliyopewa si mbali, na neno laini husitiri jambo baya. Hata mteja wako hakuomba sumu ya panya, kaomba dawa.

Maana ya zawadi ikafa Ujerumani, ikabaki ndani ya “Mitgift”: mali anayotoka nayo bibi harusi kwao. Usiifasiri mahari, kosa ninalokutana nalo mara nyingi. Mahari hutoka upande wa mume.

Mgeni wako naye kasema kweli. Kwa Kiswidi “gifta” ni kuoza, kumtoa binti kwa mumewe. Ila hata kwao “gift” ni sumu pia, na yote mawili hutamkwa “yift”. Ukiulizwa “Är du gift?” unaulizwa kama una mke au mume. Kiingereza cha kale kilikaribia zaidi kwetu: “gift” ilikuwa malipo ya kumpata mke, mahari hasa. G ngumu ya Kiingereza cha leo imetoka kwa Waskandinavia wa kale, kabla Waswidi hawajaanza kutamka “yift”. Waholanzi wameyatenga: “gift” zawadi, “gif” sumu.

Sasa hilo kopo. Neno “Gift” kwenye chombo cha Kijerumani ni onyo, hata kikiwa kitupu na kisafi. Usimpe mtu akapimie unga.