Maswali na majibu: Eksirei zinazochezacheza kando ya shimo jeusi

Shimo jeusi halitoi mwanga. Eksirei za Cygnus X-1, shimo jeusi lenye nyota mwenza, zinatoka wapi?

Nje ya shimo. Gesi inayonyonywa kutoka kwa nyota mwenza hulizunguka kama sahani na kupata joto la mamilioni ya nyuzi. Karibu zaidi na shimo kuna korona, gesi nyembamba ambayo elektroni zake hufikia nyuzi bilioni moja hivi. Fotoni (chembe za mwanga) za sahani zikigonga elektroni hizo huongezewa nishati na kuwa eksirei kali.

Ukubwa wa chanzo hicho cha eksirei ulijulikanaje bila picha?

Kwa kupima muda tu. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilizikuta eksirei hizo zikipanda na kushuka ndani ya sehemu ya sekunde. Chanzo hakiwezi kubadilika chote haraka kuliko mwanga unavyokivuka. Zidisha sekunde 0.1 kwa kilomita 300,000 ambazo mwanga huenda kwa sekunde: ni kilomita 30,000, mara mbili na ushei ya kipenyo cha Dunia. Humo umo uzito wa takriban Jua 21! Ni hesabu ya mstari mmoja, na bado ni miongoni mwa hoja zenye nguvu zaidi katika fani hii.

Mbona hakuna mpigo sawia kama wa palsa, nyota ya nyutroni inayozunguka?

Palsa ina uso unaozunguka, shimo halina. Msukosuko huzuka kila mahali kwenye sahani, polepole pembeni, upesi ndani. Ule wa pembeni husafiri kuingia ndani na kuzidishana na wa huko, haujumlishwi tu. Ndiyo maana chanzo kikiwaka zaidi, hutikisika zaidi pia.

Nimepakua data za NICER, darubini ya eksirei, za MAXI J1820+070, shimo jeusi jingine lenye nyota mwenza. Grafu yangu ya masafa (nguvu ya mtikisiko katika kila kasi) ni kelele tupu. Kosa liko wapi?

Huenda umepitisha faili zima mara moja kwenye Fourier, hesabu inayoutenganisha mtikisiko kwa masafa yake. Kurefusha data hakupunguzi mtawanyiko. Wastani ndio unaoupunguza. Panga fotoni kwa hatua za 1/256 ya sekunde, kata vipande vya sekunde 16, kokotoa kila kimoja, kisha chukua wastani. Vipande 400 hushusha mtawanyiko hadi asilimia 5. Halafu toa kelele ya kuhesabu fotoni, ambayo kwa kipimo cha Leahy (njia ya kawaida ya kusawazisha nguvu) ni 2. Programu ya bure ya Stingray hufanya yote haya.

Chunga mapengo. Tumia orodha ya vipindi safi iliyomo kwenye faili, na kipande chenye pengo kitupe. Ukilijaza sifuri, utazua nguvu ya uongo kwenye masafa ya chini.