CPAP kando ya kitanda: shughulikia urefu wa meza na njia ya mpira kabla ya kubadili barakoa

Muulizaji anasema mashine yake ya CPAP, ile inayopuliza hewa yenye presha puani kwa mtu anayekatika pumzi usingizini, iko kwenye rafu juu ya kichwa cha kitanda. Usiku wa manane maji yanamdondokea puani, na kila akigeuka mpira (bomba laini linalopeleka hewa) unaivuta barakoa hadi hewa inamvujia machoni. Ameshabadili barakoa mara moja na sasa anawaza nyingine. Ndugu, usinunue bado. Hayo yote mawili yanaweza kusababishwa na mahali mashine ilipo na jinsi mpira unavyopita.

Tuanze na maji. Hewa hupita kwenye tangi la maji la mashine na kutoka ikiwa na joto na unyevu. Ikipita ndani ya mpira uliopoa kwa ubaridi wa chumba, mvuke hugeuka matone, na matone hufuata mteremko. Mashine ikiwa juu ya kichwa, mteremko huo unaishia usoni kwako. Ishushe: meza ngumu, tambarare, ambayo uso wake uko usawa wa godoro au chini yake kidogo. Hapo matone mengi yatarudi kwenye tangi. Kuna sababu ya pili ya kuishusha, nayo ni usalama: ukivuta mpira kwa usingizi, mashine iliyo juu itakuangukia na maji yake.

Sakafuni nako si pazuri. Vumbi ni jingi na mguu utaipiga teke ukiamka gizani. Juu ya godoro usiiweke kabisa, kwani inainama, maji yanaingia sehemu ya mota, na shuka linaziba njia ya hewa. Mashine nyingi huvuta hewa kwa nyuma au ubavuni, kwenye chujio, kwa hiyo acha nafasi ya sentimita 10 hivi kutoka ukutani na uhakikishe pazia haliwezi kunyonywa pale. Ikinguruma kwa sababu meza inatetemeka, tandika kipande chembamba cha raba. Taulo nene halifai, linaweza kuziba matundu ya chini.

Sasa mpira. Wa kawaida una urefu wa mita 1.8 hivi, na unatosha ukipitishwa vizuri. Wengi huutandaza ubavuni kwenye shuka kisha wanaulalia. Njia nzuri zaidi ni kuupandisha nyuma ya kichwa cha kitanda, kuutundika kwenye ndoano au kitanzi cha kitambaa nusu mita hivi juu ya mto, kisha kuushusha hadi kwenye barakoa. Uzito unabebwa na ndoano, wewe unageuka chini yake.

Lakini hapa kuna mtego ambao watu hawauelezi. Ukishaupandisha mpira hadi ndoanoni, kipande kinachoshuka kutoka ndoanoni kuja usoni kina mteremko wa kuelekea kwako, yaani maji ya kipande hicho hayarudi kwenye tangi. Kwa hiyo kifanye kiwe kifupi kadiri kugeuka kwako kunavyoruhusu, na uuvishe mpira wote soksi ya kitambaa, ile ya zipu au ya kushona mwenyewe, ili usipoe. Usiuelekeze kwenye upepo wa feni au kiyoyozi.

Kupima ulegevu ni rahisi. Lala, vaa barakoa, washa mashine. Geuka kushoto kabisa, kisha kulia kabisa, mkono mmoja ukiwa umeshika kiungo cha mpira na barakoa. Ukihisi kinakaza upande wowote, sogeza ndoano au uongeze ulegevu. Usiunganishe mipira miwili bila kumuuliza anayekuhudumia: kila nyongeza hupunguza presha inayofika puani, na mpira wenye nyaya za joto haukusudiwi kuungwa. Vilevile mashine nyingine zina sehemu ya kuchagua aina ya mpira. Ukihamia mwembamba wa milimita 15 huku mipangilio bado ni ya mpana, hesabu ya presha haiendi sawa.

Maji yakiendelea baada ya hapo, ndipo uguse vitufe. Punguza unyevu kwa hatua moja. Kama mpira ni wa joto, unaweza badala yake kupandisha joto lake kidogo. Mashine ya ResMed AirSense 10, kwa mfano, inaruhusu nyuzi 16 hadi 30 za Selsiasi, na ya kuanzia ni 27. Badili kitu kimoja tu kwa usiku mmoja, la sivyo hutajua kilichosaidia. Ukiamka na pua kavu au inayouma, umepunguza mno.

Barakoa ikazwe ukiwa umelala, mashine ikiwa inapuliza, kwa sababu uso wa aliyesimama na wa aliyelala haulingani. Legeza mikanda, ivute mbele kidogo ili mto wake wa silikoni ujae hewa, iachie itulie, kisha kaza pande zote mbili kwa usawa hadi mvujo ukome, usiongeze tena. Kukaza mno hukunja silikoni na kuzidisha mvujo, na asubuhi una alama puani. Yale matundu madogo yanayotoa sauti ya kupuliza si kasoro. Ndiyo yanayotoa hewa uliyoipumua, hivyo yasizibwe na mto wala blanketi. Kama mashine yako huonyesha mvujo, angalia asubuhi: kwa ResMed mpaka unaokubalika ni lita 24 kwa dakika.

Kwa wanaohisi kukosa pumzi dakika za mwanzo, mara nyingi tatizo ni presha ya kuanzia kuwa chini mno, mfano sentimita 4 za maji (kipimo cha presha ya CPAP), wala si presha kubwa. Muombe anayekuhudumia akupandishie ya kuanzia. Presha yenyewe ya matibabu usiichezee.

Tangi lijazwe maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na madini, hadi mstari na si zaidi. Maji ya bomba huacha ukoko mweupe. Litoe kwanza kwenye mashine ndipo ujaze, na asubuhi mwaga yaliyobaki. Kamwe usihamishe mashine ikiwa na maji ndani. Silikoni ya barakoa ioshwe kila siku kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kwani mafuta ya ngozi huifanya iteleze na kuvuja. Mpira na tangi vioshwe kila wiki. Tundika mpira ukauke kivulini, ncha zote mbili zikitazama chini.

Kebo ya umeme ipitishwe upande tofauti na mpira, usije ukavuta vyote kwa pamoja, wala isibanwe na mguu wa kitanda. Ukitaka betri ya akiba, soma kibandiko cha adapta kwanza: mashine nyingine ni volti 24, nyingine 12, na kebo ya DC, ile inayounganisha mashine na betri, lazima iwe ya mashine hiyo hiyo. Usiku wa kutumia betri, zima unyevu na joto la mpira. Kupasha joto hula umeme mwingi kuliko kupuliza hewa, na betri iliyokuwa iishe kabla ya alfajiri inaweza kukufikisha asubuhi.